Mikono ya Lowie

Jumanne, 7 Mei
Griet, muuguzi, kaja kumtoa Lowie damu. Kila mwezi hivyo. Klozapini, dawa yake ya kunyamazisha sauti za kichwani, inaweza kumaliza askari weupe wa damu. Nikasema achukue yangu, ndiyo bora mji mzima wa Geel. "Yako ni bia tupu, Mzee Nand." Lowie kacheka mpaka mate yakamtoka. Mate nayo yanaletwa na klozapini.

Jumatano, 8 Mei
Griet kapiga simu. Askari wamepungua mno. Klozapini aache, leo leo.
Lowie: "Narudi hospitali, kaka?"
Nikamwambia hospitali hawakutaki, unakoroma kama trekta. Hakucheka.

Ijumaa, 10 Mei
Usingizi hakuna. Namkumbuka Lowie alivyoletwa na hospitali akae kwa mama, desturi ya Geel kulea wagonjwa wa akili majumbani, tukiwa vijana. Mimi mzuri kupita kiasi, yeye na sauti zake kichwani. Enzi hizo dawa ni haldoli tu. Sauti zilinyamaza, ila akawa mgumu kama ufagio, mikono inatetemeka, supu yote kifuani. Njiwa wetu wa mbio wakamkimbia. Klozapini ndiyo iliyomrudishia mikono. Akawa anamshika njiwa kama yai. Vikombe vya mashindano nilishinda mimi — sawa, na yeye kidogo.

Jumatatu, 13 Mei
Griet kaleta dawa mpya, aripiprazoli. Kanieleza: kichwani kuna milango, dopamini inapita humo. Ikizidi, ndiyo sauti. Haldoli inaupigilia mlango misumari, hata ule wa mikono na miguu. Klozapini inausindika tu bila komeo, ila inagusa milango mingine kibao — usingizi, mate, kitambi. Hii mpya inauacha nusu wazi.
Nusu wazi ndivyo mbweha anavyoingia bandani, nikasema.
"Acha mzaha, mzee. Akianza kuongea na wasioonekana, nipigie. Tutamlaza."

Alhamisi, 16 Mei
Lowie hakai. Anaizunguka meza. Namwambia atalipia zulia. Mikono imetulia lakini.

Jumapili, 19 Mei
Njiwa wetu wameachiwa Ufaransa asubuhi, washindane kurudi nyumbani. Naandika hapa bandani, Lowie kasimama dirishani.
"Wanasema yule wa kijivu haji leo, kaka."
Nani wanasema?
Hageuki, macho yako angani.
Mwanzoni kabisa, haldoli haijamkolea, tulikuwa tunaziuliza hizo sauti habari za upepo. Mama akitukemea, sisi tunacheka mpaka machozi. Raha ile sijaipata tena.
Namba ya Griet nimeshaifungua kwenye simu, bado kubonyeza tu. Nimemuuliza tena, nani wanasema, Lowie. Kaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Anasikiliza. Na mimi, mjinga, natega sikio —