Wanafunzi Wako Walikuja Kanisani

Yaya Josué, kaka yangu mkubwa,

Mama ameigeuza picha yako ikatazama ukuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloliona kila nikiinua macho. Ni ile uliyovaa shati la bluu alilokushonea yeye. Hakuitoa msumarini. Aliigeuza tu, akarudi kwenye cherehani, na tangu siku ya mazishi hakutaji katika sala ya jioni.

Bado sijaamini kwamba umekufa. Uliteremka kwenda duka la spaza kununua mkate, gari likapita taa za robot zikiwa nyekundu, na mkate ukaletwa nyumbani na jirani. Haukuwa hata umebonyea. Nilidhani baada ya ule mkate hakuna kitakachonishtua tena.

Acha nikueleze jinsi tulivyoijua siri yako, maana hukuwepo. Ulikuwepo, lakini… unanielewa.

Mama alimwomba mchungaji akupangie muda wa ushuhuda kwenye ibada, ili wanafunzi wako waseme neno. Unajua alivyokuwa akijivunia. Wamama wote wa kanisa hapa Joubert Park walijua kwamba mwanawe anafundisha hesabu mtandaoni, na kwamba ana wanafunzi Nairobi, Lubumbashi, hadi Ulaya. Tangazo nililituma mimi, kwenye kompyuta yako: Mwalimu ametutoka, ibada ni Jumamosi, karibuni mtoe ushuhuda. Ujumbe wenu wa zamani ulikuwa pale juu yake. Sikuusoma. Niliona si adabu kusoma mazungumzo ya mtu aliyekufa.

Wakaja, Yaya. Wengi, wengine na magari mazuri. Dada mmoja Mkenya, anayefanya kazi benki kule Sandton, alishika maikrofoni wa kwanza.

“Mwalimu alinifunza kitu moja,” alisema. “Kutupa karata mbaya mapema. Na kuinuka kwa meza.”

Watu wakaitikia amina. Mama akaitikia kwa sauti kuliko wote. Walidhani ni mfano, kama mifano ya mchungaji. Kisha kijana mmoja kutoka Midrand akapokea maikrofoni. Nafikiri aliona kwamba hatujaelewa, akataka kutusaidia.

“Si mfano, wazazi. Ni poka yenyewe, karata za pesa. Tulikuwa tunamlipa kila mwezi atufundishe. Hakuna mwalimu wa poka kama huyu.”

Nyuma yangu mtu akasema, “Eish.” Basi. Mchungaji akaichukua maikrofoni taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaanzisha wimbo. Sikuweza kuimba. Nilikuwa nikilitazama jeneza na kujiuliza ni nani yumo ndani.

Nyumbani Mama hakupiga kelele. Alikaa na kitenge chake cha msiba, akaniambia, “Hata viatu vyako vya shule ni kamari.” Nikavitazama viatu vyangu. Sikujua nifanye nini navyo.

Yaya, nilikuwa nakaa nawe meza moja! Mimi na vitabu vyangu, wewe na hedifoni zako. Niliposhindwa somo la uwezekano ulimwaga vifungo vya Mama mezani, vyekundu na vyeusi, ukaviweka kwenye kikombe. “Chomoa kimoja, Profesa. Haya, vimebaki vingapi vyekundu? Usibahatishe. Hesabu.” Nikafaulu mtihani. Sasa sijui kama ulikuwa unanifundisha mimi, au unajaribu kwangu somo la watu wengine. Nimevimwaga tena vile vifungo nikavitazama. Ni vifungo tu.

Niliporudi kutoka shuleni juzi niliifungua kompyuta, kwenye video ya somo lako la kwanza. Mama alikuwa anashona. Mwanzoni nilivaa hedifoni. Kisha nikazichomoa. Sijui nilipata wapi huo ujasiri, mimi ambaye hata darasani siinui mkono. Sauti yako ikajaa chumba kizima:

“Mama yangu ni fundi wa nguo. Anasema kitambaa ukishakikata vibaya, usikifuate na uzi. Sasa wewe umeona karata zako mbaya, unaongezea pesa kwa nini? Tupa. Nenda ukale na watoto wako.”

Cherehani ikanyamaza.

“Hayo ni maneno yangu,” Mama akasema.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akautoa mguu kwenye pedali, akanigeukia.

“Angeniambia,” akasema. “Ningekataa. Ningelia, ningemwita mchungaji. Lakini angeniambia, nisingeyasikia mbele ya watu.”

Niliachia hapo kuandika, maana karatasi ililowa. Leo ni Alhamisi, naendelea.

Mama amesema mafunzo yafungwe, na nimeyafunga. Wanafunzi wako wameandika kwa heshima, nami nimewajibu wote. Somo la kwanza tu amenikataza kulifuta. Anataka niliweke kwenye simu yake.

Na jana jioni, katika sala, baada ya kuwataja wagonjwa wote wa kanisa, alisita. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, “Na mwanangu Josué, Bwana, aliyenificha.” Asubuhi nimekuta picha inatazama chumba, kioo kimefutwa.

Yaya, wewe peke yako ndiye unayejua kwamba sitaki uuguzi. Mama amekwisha kuninunulia kitambaa cheupe cha sare. Amekikunja vizuri kabatini, bado hajakikata.

Nakuahidi hivi. Jumamosi, kabla hajashika mkasi, nitamwambia kwamba nataka kusoma hesabu. Atalia, labda atamwita mchungaji. Lakini atalisikia kwangu, ndani ya chumba hiki, wewe ukitutazama.

Lala salama, mwalimu. Shati lile la bluu lilikupendeza.

Mdogo wako,
Profesa