Kamba Nyekundu Niliifunga Mimi

...basi ile kamba nyekundu, mshauri wa gazeti, niliifunga mimi, kwa mikono yangu hii, si mtu mwingine, na fundi cherehani anayeniandikia hapa anasema naanzia mkiani, naomba msaada wako lakini sijasema wa nini. Fundi, wewe andika tu, acha kuguna.

Kazi yangu ni kuchambua taka, kiwanja kile kilicho katikati ya miji miwili, mji wa juu na mji wetu wa chini. Zamani tulikuwa tunamwagiana uchafu mpakani, wao wanatutupia, sisi tunawarudishia, kama wake wenza, mpaka wakubwa wa halmashauri zote mbili wakakaa chini wakapatana. Sisi tuna uwanja, wao wana mashine ya kubana plastiki, basi tuchambue pamoja. Viroba vyao vinafungwa kamba nyekundu, vyetu bluu, ili kikija na mambo ya ajabu ijulikane kimetoka wapi. Na sindano za hospitali ni marufuku, mji ukikutwa nazo mara tatu malori yake yanasimamishwa, dereva naye anafukuzwa kazi. Sisi tulishakutwa mara mbili. Mji wa juu hata mara moja, wale watu wasafi jamani, mpaka chupa za mafuta wanazisuuza, nani anasuuza chupa ya kutupa?

Sasa Jumanne asubuhi nafungua kiroba cha bluu, naona sindano, tena zina damu. Na lile fundo nalijua. Mizunguko mitatu halafu kitanzi pembeni, nilimfundisha mwanangu mwenyewe alipokuwa mdogo, hawezi kufunga viatu, mzito wa vidole kama baba yake, marehemu naye kifungo cha shati kilikuwa kinamchukua nusu saa, nikimwambia leta nikusaidie ananuna... fundi anasema turudi kwenye kiroba. Mwanangu ndiye dereva wa lori letu. Nikaona akilini lori limesimama, mwanangu hana kazi, mkewe mjamzito, na wote tuko nyumba moja. Nikakata ile ya bluu, nikafunga nyekundu, nikakisogeza upande wa mji wa juu. Nikajisemea, wao hawana kosa hata moja, hili moja litawafanya nini? Na haki ya Mungu nilitaka nimwite msimamizi palepale, nimwambie humu mna sindano, kipelekwe kwenye pipa lake.

Nikaitwa getini kufungulia lori. Dakika tano hazikufika. Kurudi, mwenzangu ameshakaa nacho.

Tunamwita Mama Miwani, ni wa mji wa juu, miaka minne vigoda vyetu vinagusana, chai yangu yake, yake yangu. Kiroba cha bluu huwa anavaa glavu nene mpaka kiwiko. Cha nyekundu, mikono mitupu, siku zote. Anasema, “Cha kwetu hicho, bibi, hata mtoto mchanga namlaza humo.” Tunamcheka. Basi akaingiza mkono. Nikasikia tu, “Aa!” Kidogo hivyo. Hakupiga kelele. Akautoa, akautazama, halafu akanitazama mimi.

Hospitali wamempa vidonge vya kukinga virusi, vya siku ishirini na nane, vinamtapisha, na damu wataipima tena na tena. Nesi anamuuliza, sindano imetoka zahanati gani, tukajue ilimchoma nani kabla yako? Yeye anajibu, “Kwetu. Kamba ilikuwa nyekundu.” Wamezunguka zahanati za mji wa juu hawajapata kitu. Dada yake anafanya usafi kwenye zahanati mojawapo, wamegombana hawasemezani, anaona dada ndiye aliyemponza. Na wakubwa nao, wa kwetu wanasema, “Si mlijifanya wasafi!” Wa juu wanasema wamesingiziwa. Jumamosi wana kikao, watavunja ule ushirikiano, na wanawake thelathini na sita turudi kuokota chupa mitaroni.

Nimemwambia mwanangu. Akasukuma sahani. “Mama, zahanati ya sokoni wananipa viroba vimeshajaa, mimi nafunga tu. Ukisema umenimaliza.” Na leo asubuhi nimemwona kwa macho yangu, anapakia tena pale pale.

Kamba ya bluu bado ninayo, nimeifunga kwenye pindo la nguo yangu. Jana nilikwenda kwa Mama Miwani nimwambie. Nikaanza na habari za mvua, nikaja habari za binti wa jirani, tukaishia kwenye magoti yangu. Akanikanda. Kwa mkono uleule wenye bandeji, mshauri, ananikanda magoti! Nikisema namwangamiza mwanangu, nisiposema namwangamiza mwenzangu, sasa mimi nif—

Fundi, nani anaita hapo nje? Ni yeye. Anasema leo anarudi hospitali, nimsindikize, anaogopa kwenda peke yake. Nakuja, mwenzangu, navaa viatu! Fundi, ishie hapo hapo, ipeleke, mimi nakwenda.

*

Bibi,

Jibu hili nimemrudishia fundi saa ileile, kabla gazeti halijachapwa, kwa sababu jambo lako halingoji gazeti.

Pole. Mama gani asiyemwona mwanawe kwanza? Lakini usiniambie “hili moja litawafanya nini.” Kamba ile si pambo. Ndiyo iliyomwambia mwenzako hana haja ya glavu. Miji miwili isiyopendana ilikubali kuamini kitu kimoja tu, rangi ya kamba, na wewe ukakichezea. Halafu ukakubali kukandwa magoti! Aibu hiyo ibebe, ni yako.

Nesi haulizi ili amfunge mtu. Anauliza ili amtibu mgonjwa wake vizuri, na hivi sasa anatafuta katika mji usiohusika. Kila saa unayonyamaza, anazidi kupotea. Na zahanati ya sokoni bado inapakia. Kesho mkono utakuwa wa nani? Labda wa mkweo mjamzito, akifua nguo za mumewe.

Mwanao si yule wa kufungiwa viatu tena. Aende kwa msimamizi leo, kwa miguu yake, aseme nani anampa viroba vile. Akitangulia kusema, atasikilizwa. Akingoja kukamatwa, nani atamwamini? Anaweza kupoteza usukani, sikudanganyi. Wewe nawe unaweza kupoteza kigoda chako. Jumamosi simama kwenye kikao useme mji wa juu hauna kosa, kabla hawajavunja kilichowalisha wenzako thelathini na watano.

Na kwa kuwa nimekusoma, nakujua. Ukianza na mdomo utafika kwenye mvua. Basi usianze na mdomo. Mkiwa mbele ya nesi, fungua pindo, mwekee Mama Miwani ile kamba ya bluu kiganjani, kwenye mkono wa bandeji, kisha nyamaza mpaka akuulize. Akikutukana, msikilize hadi mwisho. Akikufukuza, toka, ukamngoje nje.

Fundi, kama bibi hajarudi, zima cherehani. Wafuate hospitali na karatasi hii.