Jibu la Draku Mbele ya Wageni

Dranya,
Koboko.
14 Juni 1993

Mpendwa mpwa wangu Lomoro,

Nakusalimu wewe, mkeo Driciru na watoto. Natumaini baridi ya Kampala haijamrudishia mkeo kile kifua. Mimi naamka, magoti yananisumbua, lakini shambani bado nafika. Mama yako, Rosa Kiden, hajala sawasawa tangu Alhamisi, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Dada yetu Paska, mama yako mdogo, amefariki. Tulimzika Alhamisi hiyo. Alishikwa na homa, akalala nyumbani siku nne, kwa kuwa zahanati sasa haimpokei mgonjwa asiyelipa kwanza. Siku ya tano mumewe, Draku, aliuza mbuzi. Alipomfikisha huko, Paska hakuweza tena kumeza kidonge.

Katika barua yako ya Machi ulinieleza kwamba wakopeshaji wa ng'ambo hawaipi Serikali fedha mpaka wagonjwa wachangie gharama, na kwamba ofisi yenu imeona hiyo ni busara. Ukaniletea na nakala ya ripoti yao: watu wa Dranya wako tayari kulipa. Mimi ndimi niliyekufundisha kuandika, Lomoro. Sentensi zile hazikuwa zako. Mlizikopa pamoja na fedha.

Sasa ujue jibu lile lilivyopatikana. Wageni wao walikuja mwaka juzi, wakatukusanya katika uwanja wa zahanati, nami nikaombwa nifasiri. Waliuliza kama tungekubali kulipia dawa. Wa kwanza kuulizwa alikuwa Draku. Alinitazama, akasimama wima.

"Sisi iko tayari! Sisi hapana maskini!"

Jirani yake, bibi Margaret, akamtania: "Draku, kuku yako ile moja italipa mara ngapi?"

Watu walicheka, na baada ya kicheko hicho hakuna mwanamume aliyethubutu kujibu vingine. Nilifasiri kila neno kwa usahihi. Wageni wakaandika, wakashukuru, wakaondoka.

Kaburini nilimwuliza Draku kwa nini alisema vile. Hakuinua macho. "Shemeji, mimi ningesema nini? Dada yako iko nyumbani kwangu, na wewe iko unasimama pale."

Nilipaswa kujua. Mwanamume wa kwetu hakiri umaskini mbele ya ndugu wa mkewe.

Tumearifiwa kwamba watarudi Agosti kuuliza kama tutalipia maji ya pampu, nami nimeombwa nifasiri tena. Nakuagiza, wala si ombi: waambie wakubwa wako kwamba jibu la kwanza halikuwa la kweli. Wageni waende nyumba kwa nyumba, wamsikilize kila mtu peke yake, wanawake kwanza. Nawe uje nao, uandike kwa maneno yako mwenyewe. Ofisi ikikataa, niandikie hivyo waziwazi.

Soka na Tombe, watoto wa marehemu, wanakusalimu. Sasa wanakaa kwangu. Mama yako anakuombea. Mungu akulinde, akupe na ujasiri wa kusema.

Mimi sitafasiri. Siku watakayofika nitakuwa Arua, na sitarudi mpaka waondoke, ili Draku apate kusema.

Wako akupendaye na kukulaumu,
Mjomba wako,
Enoch Yakani