Vidole vya Ivyne

Dagoretti,
S.L.P. 2816,
Nairobi.
16 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Virginia,

Pokea salamu zangu na za mume wangu. Mume wangu! Hii ni wiki ya tano na bado natabasamu nikiliandika neno hilo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Leeds? Sisi tu wazima, ila Mama presha humpanda kila tarehe ya kesi ikikaribia.

Sufuria zako zilifika. Waithaka ndiye anayezipikia, usimwambie mtu. Huniamsha kwa chai, na cheti chetu cha ndoa nakilaza chini ya mto kama mtoto mchanga. Sikujua furaha huweza kumjaa mtu hivi.

Lakini sikushika kalamu kwa sababu ya furaha. Kesi ya kaka yangu Muchiri imekwama. Kosa la dereva wa lori la ng'ombe halina ubishi: aliacha barabara akamgonga Muchiri mlangoni mwa bucha yake, na polisi waliandika hivyo. Bima haikatai kwamba dereva alikosea. Inakataa kumlipa mkewe Nzula na mtoto wao Ivyne. Inasema marehemu hakuwa na familia.

Unajua ushahidi wao ni nini? Kijitabu cha mazishi, kile tulichochapisha Ngara, mimi na wewe. Wakili wao alikisoma mbele ya hakimu: "Marehemu hakuacha mke wala mtoto." Nzula alikuwa ameketi karibu nami. Hakunitazama.

Maneno yale niliyaandika mimi, nawe umesimama nyuma ya kiti changu. Ulisema, "Mke gani? Hata mbuzi mmoja hajapelekwa Ukambani! Andika ninavyokuambia, Jackie, usinipandishe joto." Huzefa mchapishaji akauliza, "Na huyu mtoto kwa picha ya jalada, mama, nimfanyeje?" Ukamwambia amkate. Mimi nikaendelea kuandika. Siku ya mazishi Nzula alikaa nyuma ya hema pamoja na majirani, na Ivyne akawa anauliza kwa sauti kwa nini baba hatoki kwenye sanduku.

Cheti cha kuzaliwa cha Ivyne hakina jina la baba. Muchiri alikuwa akisema atakwenda kukirekebisha mwezi ujao. Sasa Nzula anafua nguo za watu Westlands, na mtoto ameacha chekechea.

Tangu siku ile mahakamani, Waithaka akitoka kwenda kazini mimi humsindikiza kwa macho dirishani mpaka apinde kona. Naye hajamaliza mahari yangu, Shangazi, na bado ulinitumia sufuria ukaniita bibi harusi. Akigongwa kesho, mtaniandika nani?

Wakili wetu, Avni, anasema uende kwa wakili huko utie sahihi hati ya kiapo: kwamba Nzula aliishi na Muchiri kama mkewe miaka sita, kwamba Ivyne ni mtoto wake aliyemlea, na kwamba tuliwaondoa sisi kwa sababu mahari haikuwa imelipwa. Utume pia picha nzima. Uliipiga wewe Krismasi ile, haiwezi kukosa kwenye simu yako. Kesi ni tarehe kumi na nne Aprili.

Usipotuma, nitasimama peke yangu niseme niliandika uongo. Mama nimeshamwambia. Alilia, kisha akasema, "Nenda ukaseme."

Nitamwonyesha hakimu jalada la kijitabu hichohicho. Umesahau? Huzefa alimkata mtoto, lakini kwenye kola ya Muchiri vilibaki vidole vinne vidogo vimeshika shati. Aliuliza kama avifute. Ukasema, "Viache, nani ataviona?"

Nisalimie mumeo Okinyi na binti yenu Jacklyne. Waithaka anawasalimu nyote. Mungu akuponye goti, na akupe nguvu ya kulifanya hili.

Ni mimi niliyeyaandika yale, na ninayekuandikia haya kwa mapenzi,
Jackie