Samadi Tuliyoikuta Tukichimba Silanga

Jumamosi, Oktoba. Jua limeamka na hasira leo, na vumbi limenifuata hadi jikoni. Mgongo unauma, mikono ina malengelenge, lakini akili imekataa kupumzika. Inauliza maswali tu.

Acha nianze na shimo.

Tangu mwezi uliopita mimi na mume wangu, Baba Mumo, tumekuwa tukichimba silanga nyuma ya nyumba, huku kwetu nje kidogo ya Zombe. Tulitaka bwawa dogo la kuvuna maji ya mvua, na nyasi za ng'ombe kando yake. Wazo lilikuwa langu, na nililing'ang'ania kama kupe. Yeye alitaka kufanya wanavyofanya kaka zake: mvua ikikosa, unaswaga ng'ombe hadi kusini mnakosikia nyasi zimebaki, unakaa huko miezi, unarudi mvua ikirudi.

Alishafanya hivyo mara moja. Aliondoka mtoto wetu Mumo akiwa wa kubebwa mgongoni. Aliporudi, Mumo alimwona akapiga mayowe, akajificha nyuma ya gauni langu. Baba Mumo alicheka mbele ya watu, kisha akaenda kukaa zizini peke yake mpaka chakula kikapoa.

Mumo sasa ana miaka minne. Sitaki yale yajirudie.

Basi juzi shimo lilipofika kiunoni, jembe likaanza kuzama bila kulazimishwa. Udongo ukawa mweusi, mwepesi. Nikamshukuru Mungu, nikidhani tumepata rutuba. Chini yake tukakuta jivu, halafu udongo mwekundu mgumu, halafu mweusi tena. Ukuta wa shimo ulikuwa kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Katikati ya zile chapati nikachomoa kigae cha chungu, kina masizi upande mmoja.

Mama mkwe wangu, ambaye Mumo humwita Susu, alikuja kuangalia. Akafikicha ule weusi, akanusa, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Aiya, Mama Mumo! Hii si mchanga. Hii ni mavi ya ng'ombe. Mmechimba kyengo ya watu."

Kyengo ni kambi ya ng'ombe. Neno nilikuwa nimelisikia, lakini sikuwahi kulifikiria. Zamani, anasema, watu walikuwa na nyumba vilimani na mifugo yao mbali nyikani. Nyasi zikiisha hapa, kambi inahamia kule. Mvua ikirudi hapa, na wao wanarudi. Kwa hiyo ile mistari myeusi ni miaka waliyokuwepo, na ile myekundu ni miaka ambayo hapakuwa na mtu, upepo na maji vikafunika kila kitu. Nilijaribu kuihesabu nikashindwa, inaingiliana.

Shuleni nilifundishwa kwamba wahamaji ni watu wengine, wale wa kwenye picha za kitabu. Sisi ni watu wa jembe. Mimi nilizaliwa mji wa Salama, kando ya barabara kuu ambako kila kitu kinapita, na nilijivunia sana kuwa mtu asiyepita. Kumbe ninalima sukuma wiki juu ya zizi la watu waliokuwa wakifuata mawingu.

Nikamchosha Susu kwa maswali. Walijuaje wakati wa kuondoka? Walikaa wapi? Na ukame wa siku zile, ulikuwa kama huu?

"Zamani njaa ilikuwa inapewa jina, maana ilikuwa mgeni," akasema. "Hizi za siku hizi zinakuja mbio. Hata jina hatujapata, ingine imefika."

Maneno hayo yameniingia. Kama wao, waliopumzika miaka kati ya ukame na ukame, walihama, mimi na kishimo changu ninashindana na nini?

Leo asubuhi nimepata jibu. Nilimwaga mtungi mzima wa maji chini ya shimo kuona kama yatatulia. Yalinywewa kabla sijauweka mtungi chini. Samadi na jivu havishiki maji. Kuna karatasi za nailoni za kutandika, lakini hizo si za watu wa kima chetu.

Baba Mumo hakusema "nilikuambia." Natamani angesema, tugombane yaishe.

Nimelia kidogo, sifichi. Halafu nikakiangalia tena kile kigae, na udadisi ukanishinda. Wanaume peke yao nyikani watakunywa maziwa na kuchoma nyama. Nani alikuwa anapika kwa chungu? Nikamuuliza Susu kama wanawake walikuwa wanaenda kyengo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Wengine walienda. Mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni na mama yangu kwenda huko. Hujawahi kuniuliza."

Miaka yote hii nimeishi nikiona njia mbili tu: Baba Mumo aende, au abaki.

Jioni hii nimemwambia Baba Mumo: mvua ikikosa, hakuna kwenda peke yako. Tutaenda sote, na cherehani yangu ninayoshonea watu nguo itapanda punda. Ameniorodheshea nyoka, kliniki, nasari ya Mumo. Ana haki, na mimi naogopa pia. Mwisho akauliza, "Na nyumba je?"

Susu akamjibu kutoka jikoni, "Nyumba iko na miguu? Si mtaikuta hapa na mimi nikiwa ndani."

Baba Mumo akatoka nje. Nilidhani amekasirika, nikamchungulia mlangoni.

Amempandisha Mumo mabegani na anazunguka naye zizi, polepole, akipima kama ataweza kumbeba mbali. Kila akitaka kumshusha, Mumo anamshika masikio na kumwambia aendelee.