Mkanda wa Pilato

Leo umetimia mwaka mmoja, Crispin, tangu tulipokuzika hapa Kilolo, tarehe 9 Julai 1957. Mahindi yamevunwa, baridi ni ileile, na farasi wako bado anatuamsha alfajiri kwa kugonga mlango wa zizi kwa kwato.

Ulikuwa saisi miaka kumi na moja huko Iyunga, Mbeya, ukitunza farasi wa watu. Tajiri wako alipofunga virago kurudi kwao, alikuachia farasi mmoja mzee mwekundu. Ukampanda mpaka nyumbani, siku kumi njiani. Ulimwita Pilato kwa sababu hanywi maji kabla hajanawa kwato mtaroni. Padri hakulipenda jina hilo. Ulimwambia, "Baba, njoo umtazame mwenyewe." Akatazama, akacheka.

Ulituhadithia habari za yule mfugaji wa Rujewa aliyemzunguka Pilato mara mbili, akachungulia chini ya tumbo, akauliza, "Huyu anakamuliwa wapi?"

"Hakamuliwi, mzee. Wala haliwi, wala halimi."

"Kumbe! Basi yeye ndiye anayekufuga wewe."

Hapa nyumbani maswali hayakuisha. Kila Jumapili baada ya misa watu walijipanga uani. Anakula ugali? Ukajibu: majani makavu kwanza, maji, halafu pumba kidogo, tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika, ukimshindilia chakula utamzika. Mbona analala amesimama? "Hawaamini nyinyi." Vikuku vya kuwekea miguu viwe virefu kiasi gani? "Pima kwa mkono wako. Vidole juu kwenye tandiko, kikuku kifike kwapani." Ungeulizwa jambo moja mara ishirini, na mara ya ishirini ungejibu kwa upole uleule. Mama yako, ambaye ni mwalimu na hana subira hiyo, alikufokea kutoka jikoni: "We Crispin, waandikie ubaoni, uje ule!"

Swali moja tu hukulifanyia mzaha, la mkanda wa tumbo unaoshika tandiko. "Pilato hujaza pumzi ukimfunga. Mtembeze hatua ishirini, apumue, kisha kaza tena. Na akaze yule anayepanda. Hata kama umefungiwa na mama yako mzazi, kaza tena." Watu wote waligeuka kumtazama mama yako, wakaangua kicheko. Akasema, "Mimi na farasi wenu wapi na wapi?"

Tungeishia hapo, lakini kuna maneno yanayosemwa, na hayana budi kusahihishwa.

Isihaka, mfanyabiashara wa Iringa aliyekuwa akipita na lori lake, ndiye aliyekukuta umelala kwenye mteremko, Pilato amesimama kando yako, tandiko limegeukia chini ya tumbo. Ulimwambia mambo mawili kabla hujakata roho. La kwanza, "Mpeleke mkunga kwa Tekla." La pili, "Nilisahau kukaza mkanda." Isihaka ni mtu mwaminifu, akayafikisha yote mawili. Mkunga alifika kabla ya saa sita, dada yako akajifungua salama. Na lile neno la pili likasafiri hadi Iyunga, ambako masaisi wenzako sasa wanasimuliana kwamba Crispin aliyewafundisha wote alisahau yeye mwenyewe.

Hukusahau.

Asubuhi ile Tekla alikuwa amezidiwa na uchungu. Wakati unavaa viatu, mama yako alimtandika Pilato ili usichelewe. Ukatoka, ukanyoosha mkono kwenye mkanda kama kawaida yako. Mama yako akausukuma mkono wako. "Nimeshamtembeza, nimeshakaza. Nenda!"

Hakuwa amemtembeza. Alikuwa amefunga mara moja tu.

Ulimtazama. Ukasema, "Haya, mama," ukapanda, ukaenda kumwita mkunga. Na ulipoanguka, ulitumia pumzi zako za mwisho kumfichia siri.

Mama yako amenyamaza mwaka mzima. Jumapili iliyopita bwana mmoja alisimama uani, akamwonyesha mwenzake Pilato: "Farasi wa yule saisi msahaulifu, huyo." Wote wawili wakatikisa kichwa. Mama yako alikuwa hapo, mtoto wa Tekla mgongoni. Ndiyo maana ameyaandika haya gazetini, ili yasomwe Iringa, Mbeya na kila lilikofika neno lile: aliyefunga mkanda ni Verediana Kalinga. Crispin hakusahau kitu.

Pilato ni mzima. Anakula kwa utaratibu wako, na bado ananawa kabla ya kunywa. Siku hizi mama yako ndiye anayejibu maswali ya Jumapili, kwa maneno yako, ingawa si kwa upole wako. Mdogo wako Yohane humpanda kwenda mashineni kusagisha. Mama yako humtandika, humtembeza hatua ishirini, hukaza. Kisha Yohane hukaza tena mbele yake, naye husogea pembeni kumpisha.

Unakumbukwa na baba yako, Ambrosi Kalinga. Mdogo wako Yohane. Dada yako Tekla na mumewe Gideoni. Na Crispin mdogo, mwana wao, ambaye jana ametimiza mwaka mmoja. Na mama yako.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.