Jina Chini ya Kigoda

Mama Kabula,

Napenda kukuarifu, kwa heshima zote, kwamba Kamati ya Zawadi za Krismasi ya nyumba hii ilikutana Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, barazani. Waliohudhuria: mimi. Waliotoa udhuru: wewe. Akidi ilikuwa na utata, lakini kwa kuwa mwenyekiti hakuwepo wa kuahirisha kikao, kikaendelea. Ajenda ilikuwa moja, nani apewe nini. Mjumbe alikunywa chai yote, akafunga kikao bila azimio, akabaki anatazama kiti chako.

Miaka yote mimi nilikuwa mjumbe wa kubeba mifuko. Sikuwahi kuulizwa maoni, na nilipoyatoa bila kuulizwa hayakuingia kwenye kumbukumbu. Sasa nimepandishwa cheo, na sikukiomba.

Najua ulivyokuwa unafanya, kwa sababu nilikuwa nyuma yako nimebeba. Unaanza mapema, kabla mafundi hawajazidiwa na kazi. Hukanyagi dukani. Unakwenda kwa yule mama wa vyungu anayevuka na kivuko kutoka Kamanga, unakwenda kwa yule dada anayechora samaki kwenye mbao za mitumbwi chakavu, unamalizia kwa Fundi Masatu, seremala, hapo chini ya mlima wetu. Kila mmoja unakaa naye nusu saa ukiuliza mtoto amepona, udongo wa mwaka huu ukoje. Mimi nimesimama, mifuko inanikata vidole. Kisha unachomoa ile penseli kwenye nywele, unakigeuza kitu, unaandika chini yake jina la aliyekitengeneza. Chungu, picha, kigoda, kila kitu. Nilikuambia mtu atapikia chungu, hatapikia jina. Ukasema, "Akikitumia kila siku, ipo siku atakigeuza."

Na Desemba hukuomba kupunguziwa bei hata mara moja. Wewe, ambaye wauza nyanya wa soko kuu wakikuona wanajifanya wamelala.

Kuna wakati nilinuna wiki nzima kwa sababu watu hawaniletei tena redio kutengeneza, wanakwenda kununua mpya. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza viatu nilivyovaa vimeshonwa na nani. Sikujibu. Ulikufa sijajibu.

Vigoda vya Masatu ndivyo vilivyonishinda. Kila Krismasi kimoja kwa mtu mmoja wa ukoo, na kila kimoja kinayumba. Mkono wake mzuri, randa yake inalainisha ubao mpaka unatamani kuupapasa, lakini miguu minne haijawahi kukubaliana. Nilimshauri atengeneze vya miguu mitatu, maana hivyo haviyumbi. Akasema cha miguu mitatu ni cha kukamulia ng'ombe, na yeye ni Mjita, ng'ombe amewaachia Wasukuma. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Tulipofika nyumbani ukakunja kipande cha kadibodi, ukakiweka chini ya mguu mfupi, ukaendelea kumenya viazi kana kwamba vigoda vyote duniani huja hivyo.

Nazunguka. Unanijua.

Kabula hakukanyaga nyumbani tangu tulipokuzika. Simu alikuwa anapiga, kila Jumapili. Shikamoo ilikuwepo, ya kutimiza wajibu. Ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha, namwambia nimekunywa, anasema haya, baba, anakata. Mtoto aliyekuwa ananipigia kunisomea magazeti ya kuchekesha mpaka salio linakwisha.

Ni kwa sababu ya jeneza. Hili sijakuambia, na wewe ndiye uliyelala ndani.

Asubuhi uliyofariki, Kabula alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa Masatu. Hata hakumaliza kusema. Masatu alifunga mlango wa karakana, akachukua mbao za mninga alizokuwa amemwekea mteja mwingine, akaanza. Wakati huo mimi nilikuwa katikati ya mji na kaka zangu, kwenye duka lenye vioo, nimeshachagua jeneza la kung'aa lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Kabula alipokuja kuniambia, nilimjibu mbele ya watu. "Mama yako haendi kuzikwa kwenye kitu kinachoyumba." Wawili watatu walicheka kidogo, kicheko kile cha msibani. Niliona uso wake. Nikaendelea kuongea.

Gari lilipita mbele ya karakana likikupeleka kuzikwa Magu. Masatu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, nyuma yake kazi imekwisha. Nilimwona vizuri. Nikageukia upande wa ziwa, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha.

Kaburini, kishikio kimoja cha dhahabu kikabaki mkononi mwa kaka yangu. Plastiki. Akakitia mfukoni haraka. Ukashuka umeinama upande wa kushoto, Mama Kabula. Uliyumba. Binti yako akanitazama, akasema, "Hata leo, baba?"

Basi. Ndiyo hayo tu.

Baada ya hapo nikawa nateremka mlima kwa njia ya upande wa pili, ile ya mawe, ili nisipite kwa Masatu. Miezi kumi. Magoti yangu yana ushahidi.

Kwa hiyo Desemba hii, zawadi iliyonisumbua ilikuwa moja tu, ya Kabula. Na nikafanya usichokuwa unafanya, nikaingia dukani. Nilichagua sahani sita zenye maua, nzuri, sitazisingizia. Nikiwa kwenye foleni, mkono wenyewe ukaenda mfukoni ukatoa penseli yako. Natembea nayo, usiniulize kwa nini. Nikageuza sahani kutafuta pa kuandika. Mlinzi akaja kuniuliza naandika nini kwenye mali ya duka. Nikamwambia natafuta jina la aliyeitengeneza. Alinitazama kwa huruma, akaniita mzee wangu, akanipokea sahani zote sita, akanisindikiza mpaka nje amenishika kiwiko. Mtu wa heshima sana.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kivukoni. Mama wa vyungu akashuka na mzigo wake umefungwa kwa majani makavu ya migomba. Kabla hatujamaliza salamu akaangalia nyuma yangu. Akaangalia tena.

"Mama Penseli yuko wapi?"

Sikujua kwamba wanakuita hivyo.

Kifo chako nilikitangaza redioni. Nilikipeleka kanisani, kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa watu wote wa Magu, hata kwa yule binamu wa Shinyanga ambaye hatukuwa tunasalimiana. Hawa sikuwaambia. Haikunijia kichwani kwamba nao ni watu wako. Yule mama alikaa chini palepale gatini, khanga usoni, abiria wanampita na mabegi yao, na mimi nimesimama nimeshika chungu kama nimekiiba. Chungu chenyewe alikuwa amekuwekea kando, chenye mdomo mpana, kwa sababu mwaka jana ulimlalamikia kwamba mwiko haugeuki. Alikumbuka mwaka mzima.

Kwa dada wa samaki ikawa vilevile. Alikaa ameshika brashi mpaka rangi ikaikaukia. Nilitoka kununua zawadi, nikajikuta napeleka taarifa za msiba, zimechelewa miezi kumi, nyumba kwa nyumba, nikiwa na mifuko.

Akabaki Masatu.

Siku hiyo niliteremka kwa njia ya kawaida. Alikuwa anapiga randa, na aliponiona hakusimama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu juu mlimani, mazuri kabisa, yote yakapotea. Nikasema tu nahitaji kigoda cha Kabula. Akaipeleka randa mpaka mwisho wa ubao. Akapuliza vumbi.

"Mbao zipo," akasema.

Akaelekeza kidevu ukutani. Mbao sita za mninga, ndefu, zimeegemezwa, zina matundu ya misumari iliyong'olewa. Lile jeneza alilibomoa mwenyewe. Aliniambia watu wawili walilitaka, wakaliona zuri, lakini yeye akashindwa kulitoa kwa sababu lilikuwa na kipimo cha mtu anayemjua.

Nikaanza kuomba radhi. Unajua radhi zangu, zina utangulizi. Akanikatiza.

"Baba Kabula, ungekuja tu ukanidanganya kwamba limekuwa fupi. Ningekubali."

Nilikaa kwenye gogo lake nikalia mbele ya Mjita, mtani wangu. Hata utani hakunitania, ndipo nikajua nimemwumiza kiasi gani. Alichukua ubao mmoja, akapima, akanipa upande mmoja nishike wakati anakata. Nikashika. Ndiyo kazi ninayoiweza, kushika.

Wapo watakaosema kumpa mtoto kigoda cha mbao zile ni mkosi. Hazikuwahi kumlaza mtu, Mama Kabula. Hilo ndilo kosa langu lote.

Jana, Krismasi yenyewe, nimekuja nacho Magu, anakoishi Kabula, kimefungwa kwenye gazeti. Kabula hakuwa amesema atakuja, nami sikuthubutu kumwuliza. Alinifungulia mlango akanipa shikamoo ile ya kwenye simu. Akafungua gazeti. Nilidhani atakikalia. Hakukikalia, alikigeuza.

Chini nilikuwa nimeandika kwa penseli yako, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: Masatu. Chini ya hilo, herufi ndogo kidogo: mbao za Mama.

Akapitisha kidole kwenye tundu la msumari. Akakirudisha kidole, akapitisha tena. Akaniuliza, "Ulienda mwenyewe?" Nikamwambia nilienda mwenyewe. Akasema wali utaungua, akaingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu sana, akatoka macho mekundu. Wali haukuwa umeungua.

Jioni tulikuja kwako, bila shaka ulituona. Yeye alikibeba kigoda, mimi nilibeba maua kutoka uani kwake. Alikaa akakusimulia mambo ambayo mimi sikuwahi kusimuliwa, mengine yananihusu. Nilisogea kwenye ule mti wa pembeni nikajifanya nashughulika na mbuzi wa watu. Tuliporudi alinishika mkono kwenye makorongo, akanisomea njiani kutoka kwenye simu yake kichekesho kimoja kirefu kisichochekesha. Nilicheka mpaka nikasimama.

Atakuja Mwanza mwezi ujao. Anasema lazima apite kwa Masatu kwanza, halafu ndipo aje kwangu. Sikupinga utaratibu huo.

Nakuandikia mezani kwake. Ni asubuhi, bado amelala, jogoo wa jirani ana fujo. Nilitaka kukuambia haya jana pale makaburini, lakini zamu ilikuwa yake.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, nitakuja kuomba nikiwa nimesimama. Nakuahidi hili ninaloliweza. Desemba zote zilizobaki nitakwenda kivukoni, nitakwenda kwa dada wa samaki, nitakwenda kwa Masatu, na kila mahali nitakaa nusu saa, nikae kweli, niulize udongo ukoje. Bei sitaigusa. Majina nitayaandika mpaka penseli iishe, na imebaki nusu ya kidole. Nimeshapimwa miguu na yule fundi viatu wa karibu na stendi. Jina lake nimeliuliza. Siku tutakapoonana, lile swali lako nitalijibu.

Kiti chako cha barazani hakikaliwi. Nakifuta vumbi. Lala salama, mwenyekiti wangu, mke wangu. Kumbukumbu za kikao hiki nimezisaini peke yangu.

Kabula ameamka, namsikia jikoni. Ameniita nimtafutie kipande cha kadibodi. Kigoda kinayumba.